Waliokwenda na Waliobaki: Filamu Mbili za Mati Diop

Mati Diop ameisimulia safari moja mara mbili. Mara ya kwanza ni mwaka 2009, katika filamu fupi ya dakika 16 hivi iitwayo Atlantiques. Mara ya pili ni mwaka 2019, katika filamu ndefu iitwayo Atlantique, inayokaribia dakika 105. Hiyo ya pili ilimfanya Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegal, kuwa mwongozaji wa kwanza mwanamke mweusi kuingia katika shindano kuu la tamasha la Cannes, na alitoka huko na Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa. Safari yenyewe ni ile ile: vijana wa Dakar wanapanda mtumbwi wa wavuvi, wanaikabili bahari ya Atlantiki, nia yao Hispania.

Tumezoea kuamini kwamba filamu fupi ni rasimu, na kwamba ikipata fedha na muda itageuka filamu kamili. Vijana wetu wanaoanza kazi hii huambiwa hivyo kila siku: tengeneza fupi kwanza, ukikomaa utatengeneza ndefu. Filamu hizi mbili zinaipinga imani hiyo kwa nguvu kuliko hoja yoyote ninayoijua. Ile ya dakika 16 haina pengo la kuzibwa. Ile ya dakika 105 haikurefusha kilichokuwapo, imekijibu. Katika ya kwanza anayesema ni kijana aliyekwenda. Katika ya pili wanasema waliobaki, na wengi wao ni wanawake. Kisa kimehamia kinywa kingine, na kwa kuhama huko tunajua mambo ambayo filamu ya kwanza, pamoja na uzuri wake wote, isingeweza kutuambia.

Moto wa ufukweni

Anayetaka kuielewa filamu fupi aanzie mwaka 2006. Mwaka huo zaidi ya watu 31,000 walifika kwa mitumbwi katika Visiwa vya Canary, ambavyo ni sehemu ya Hispania, wakitokea pwani ya Afrika Magharibi. Kutoka Dakar hadi huko ni takriban kilomita 1,500 za bahari kuu. Miongoni mwa waliosafiri walikuwamo wavuvi wengi na wana wa wavuvi, watu waliokuwa wakiona samaki wanapungua huku meli kubwa za kigeni zikivua katika maji yao. Mtumbwi ule ule uliokuwa ukileta kitoweo nyumbani ukaanza kubeba abiria, makumi ya watu wamebanana na madumu ya mafuta na ya maji. Vijana walikuwa na kaulimbiu yao ya Kiwolof: Barcelona au barzakhi. Ama tufike Ulaya, ama tufike kule roho zinakoingojea siku ya kiyama.

Magazeti ya Ulaya yaliandika habari hizo kwa takwimu na kwa picha zilizopigwa kutoka kwenye helikopta. Diop, aliyezaliwa Paris mwaka 1982, alikwenda Dakar na kamera ndogo ya video. Hakuwatafuta maofisa, wataalamu wala walinzi wa mipaka. Aliketi usiku na vijana watatu kando ya moto, ufukweni. Mmoja wao, Serigne, alishasafiri akarudishwa, na anasema atakwenda tena. Wenzake wanambishia.

Kwa sehemu kubwa filamu ni hiyo tu. Mwanga wake ni wa moto, na nyuso zinajitokeza na kupotea kadiri kuni zinavyoshika. Picha ina chengachenga za kamera ya bei ndogo iliyolazimishwa kuona gizani. Mazungumzo ni ya kijiweni: mmoja anauliza, mwingine anadakia, wa tatu ananyamaza kisha anarudi na neno zito kuliko yote yaliyotangulia. Wanamtaka Serigne aeleze inawezekanaje mtu aonje hatari ile na bado aitamani. Naye anaeleza, kwa utulivu unaotisha, umaskini aliouacha na alioukuta umemngoja pale pale. Hajitetei. Anatoa hesabu zake, na hesabu hizo zinamtoka kwa mpangilio kiasi kwamba mtazamaji anayetaka kumkataza hajui aanze kukatazia wapi.

Kisha, kwa muda mfupi, wanaonekana wanawake waliofiwa. Hawasemi. Kamera inawatazama, inakaa nao, inaondoka. Karibu na mwisho tunaona kioo cha taa ya mnara wa kuongozea meli kikizunguka taratibu, kikubwa hadi kinajaza skrini, na filamu inafungwa. Mwaka 2010 kazi hiyo ilipata tuzo ya Tiger ya filamu fupi katika tamasha la Rotterdam, na ilistahili. Ni nadra filamu ya dakika 16 kumwachia mtu mzigo mkubwa namna ile.

Wale wanawake wa kimya, hata hivyo, ndio walioibeba kazi yote iliyofuata.

Miaka kumi ya katikati

Mwaka 2012 Dakar ilichafuka. Rais Abdoulaye Wade alikuwa anagombea muhula wa tatu, na vijana, pamoja na vuguvugu lililojulikana kwa jina la Y'en a marre, waliingia mitaani kumpinga. Machi mwaka huo Wade alishindwa na Macky Sall. Diop ameeleza katika mahojiano kwamba alipowatazama vijana wale wakiandamana hakuona kizazi kipya kilichowasahau waliozama. Aliona walio hai wamewabeba wafu ndani yao. Kutoka hapo filamu ndefu ikaanza kuota: itakuwaje wafu hao wakirudi kweli, na wakirudi, wataingia kwa nani?

Jambo la pili lililomwandaa lilikuwa la nyumbani. Diop ni mtoto wa mwanamuziki Wasis Diop na mpwa wa Djibril Diop Mambéty, mwongozaji wa Touki Bouki ya mwaka 1973, mojawapo ya filamu kubwa kuwahi kutoka barani Afrika. Katika Touki Bouki, wapenzi wawili, Mory na Anta, wanaiota Paris. Wanafika bandarini, Anta anapanda meli, lakini Mory miguu inamkatalia. Anageuka na kukimbilia mjini. Msichana anakwenda, mvulana anabaki. Mwaka 2013 Diop alitengeneza Mille soleils, filamu ya takriban dakika 45 inayomfuata Magaye Niang, mwigizaji wa Mory, miaka arobaini baadaye, akiwa bado Dakar na ng'ombe zake, wakati aliyeigiza Anta anaishi mbali, Marekani. Filamu hiyo nayo ni jibu kwa filamu nyingine: inamuuliza aliyebaki ameishije na kubaki kwake.

Kwa hiyo Diop alipoifikia Atlantique alikuwa ameshajua namna ya kuyafanyia kazi yaliyokwisha kusemwa. Halirudii neno wala haliongezi sauti. Anamtafuta mtu aliyekuwapo neno hilo lilipotamkwa na ambaye hakuna aliyemuuliza kitu.

Wadai wanarudi

Atlantique inaanza mchana, kwenye vumbi la ujenzi. Mnara mrefu kupita kiasi, wa kubuniwa kwa kompyuta, unainuka juu ya mji kama kitu kilichoshushwa kutoka nchi nyingine. Mafundi na vibarua wanaoujenga hawajalipwa kwa miezi kadhaa. Wanadai, wanazungushwa, wanapanda gari la mizigo na kurudi makwao wakiimba, huku mmoja wao, Souleiman, akiitazama bahari tu. Jioni anaonana na Ada, msichana anayempenda, na ambaye siku chache zijazo ataolewa na Omar, mwanamume mwenye fedha aliyechaguliwa na familia. Usiku Ada anatoroka kwenda baa ya ufukweni kumwona Souleiman. Baa imejaa wasichana. Vijana hawapo. Wamekwenda baharini.

Hadi hapo filamu ndefu imetumia muda unaozidi filamu fupi nzima, na hakuna Serigne yeyote aliyefungua kinywa. Diop ameyachukua masimulizi ya moto wa ufukweni na kuyageuza pengo: wanaume waliokuwa wakisema hawapo tena, na kamera imebaki na wasichana wanaotazamana ndani ya baa isiyo na wachezaji.

Ndoa inafungwa, na usiku huo huo kitanda cha maharusi kinawaka moto. Polisi wanamtuma mpelelezi kijana, Issa, ambaye ana ugonjwa wa ajabu: jua likizama anatokwa jasho na kuanguka. Familia ya bwana harusi inataka Ada apimwe ubikira. Na wakati huo wasichana wa mtaa wanaanza kushikwa na homa. Usiku macho yao yanageuka meupe, wanainuka, wanatembea pekupeku hadi nyumbani kwa mkandarasi, wanaketi sebuleni kwake na kudai mshahara. Sauti na madai ni ya wale vijana. Wamezama, wamerudi, wameingia katika miili ya wachumba na dada zao.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Katika ngoma za pepo kutoka Lamu hadi Unguja, aliyepandwa huitwa kiti, na pepo hasemi kwa kupiga porojo: anataja anachotaka, nguo, pete, ubani, chakula, na hatulii mpaka apewe. Senegal wana imani zao, wakiwamo wale pepo wapenzi wanaowatembelea wanawake usiku, nasi tuna zetu. Lakini kanuni inafanana kiasi cha kuifanya filamu hii isomeke kwetu kwa urahisi kuliko inavyosomeka kwa mtazamaji wa Paris au New York, ambaye ataiita filamu ya kutisha. Haikusudii kutisha. Pepo hawa wana haki. Wana siku walizofanya kazi, wana kiasi wanachodai, na wanamjua mdaiwa kwa jina na kwa nyumba.

Hapa ndipo filamu ndefu inapoizidi ile fupi kwa mawazo. Ukimsikiliza Serigne unaweza kuondoka ukiamini kwamba kisa ni baina ya kijana na bahari: umaskini upo, kama hali ya hewa ilivyo, na yeye anachagua kuukimbia. Atlantique inaufungulia umaskini huo mashtaka na kumtaja mshtakiwa. Kuna mtu aliyekula jasho la vijana hawa. Ana jina, ana geti, ana sofa nzuri. Wangelipwa mwisho wa mwezi, mtumbwi ungebaki ufukweni. Wafu wanapomlazimisha mkandarasi awachimbie makaburi kwa mikono yake, filamu inakuwa imesema jambo ambalo hotuba nyingi kuhusu uhamiaji hazithubutu kulisema: chanzo cha kifo cha baharini kinaweza kuwa nchi kavu, katika ofisi ya mhasibu.

Nayo kaulimbiu ile ya 2006 inapata maana ambayo vijana wenyewe hawakuikusudia. Waliahidi kufika Barcelona au barzakhi. Barcelona hawakufika. Barzakhi wamefika, na wameikuta iko Dakar, katika mitaa ile ile, mbele ya deni lile lile.

Mandhari inaipa hoja hiyo uzito zaidi. Mame Bineta Sané, anayeigiza Ada kwa umahiri mkubwa ingawa hakuwahi kuigiza kabla, Diop alimwona mtaani Thiaroye, kitongoji cha Dakar. Jina hilo lina historia. Tarehe 1 Desemba 1944, katika kambi ya Thiaroye, jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wa Kiafrika waliotoka kuipigania Ufaransa vitani na waliokuwa wakidai malipo yao. Ousmane Sembène alilitengenezea filamu tukio hilo, Camp de Thiaroye, mwaka 1988. Na katika kijiji jirani cha wavuvi, Thiaroye-sur-Mer, akina mama waliopoteza wana wao baharini mwaka 2006 waliunda umoja wao wa kuwazuia vijana wasisafiri. Wafanyakazi waliodai ujira wakauawa, na wanawake waliobaki wakapanga namna ya kusema: vyote viwili vilikwisha kutokea hapo hapo kabla filamu haijaandikwa.

Bahari isiyoonyeshwa

Pamoja na tofauti zote hizo, kuna uamuzi mmoja ambao Diop hakuubadilisha katika miaka kumi. Hakuna filamu kati ya hizi mbili inayoonyesha safari yenyewe. Hakuna mtumbwi unaopinduka, hakuna mikono inayotapatapa, hakuna maiti ufukweni. Katika filamu fupi mtu mmoja anasimulia kando ya moto. Katika filamu ndefu wafu wanasimulia kwa vinywa vya walio hai. Katika zote mbili yaliyotokea majini yanatufikia kwa masimulizi ya mdomo, na skrini inaionyesha bahari ikiwa tupu.

Fedha za kutengeneza tukio la kuzama zingeweza kupatikana kwa filamu iliyoweza kujenga mnara wa kompyuta. Diop hakutaka. Mtazamaji wa leo amekwisha kuona picha nyingi mno za Waafrika wakifa majini, na amezizoea. Picha ya kifo humpa mtazamaji huzuni ya dakika chache kisha humruhusu aondoke. Simulizi humdai amfikirie aliyekufa akiwa bado na maneno ya kusema.

Bahari inayobaki inapigwa picha kwa namna mbili. Katika filamu fupi ni giza na kishindo tu, kitu kilichoko nyuma ya migongo ya wanaoota moto. Katika filamu ndefu Claire Mathon, ambaye mwaka huo huo alipiga pia picha za filamu ya Kifaransa Portrait de la jeune fille en feu, anairudia bahari tena na tena: asubuhi ikiwa na ukungu wa fedha, alasiri ikimeremeta hadi inaumiza macho, jioni ikiwa nyekundu. Hakuna mtu ndani yake, hakuna chombo. Mwanzoni inapendeza. Filamu ikifika katikati, kila inaporudi unakuta unaikagua kwa macho, unatafuta kichwa cha mtu. Muziki wa Fatima Al Qadiri, mzaliwa wa Senegal aliyekulia Kuwait, unatanda juu ya picha hizo kwa sauti nzito za kinanda cha umeme, na unaufanya mji mzima usikike kama umeshikwa na homa ile ile ya wasichana.

Kilichopotea

Nisingekuwa mkweli kama ningesema filamu ndefu imepata kila kitu na haikupoteza chochote. Imempoteza Serigne.

Souleiman ni mzuri wa sura na mpole, lakini hatujui anafikiri nini. Anaitazama bahari, anamtazama Ada, anaondoka. Wenzake tunawajua kwa deni lao tu. Yale mabishano ya ufukweni, ambamo kijana maskini anapewa heshima ya kuhojiwa na wenzake kwa hoja na kujibu kwa hoja, hayamo. Katika Atlantiques uamuzi wa kusafiri una akili ndani yake, hata kama ni akili inayoelekea kifoni. Katika Atlantique uamuzi huo umefanyika nje ya skrini. Diop alilazimika kulipa bei hiyo ili awape wanawake nafasi, lakini bei ni bei.

Sehemu ya upelelezi nayo inalegea mahali. Issa anahoji, anafuatilia simu, anagombezwa na mkubwa wake, mambo ambayo mtazamaji wa tamthilia za polisi anayajua tayari. Inajikomboa inapofika kwenye kiini chake: Issa anagundua, kwa kuitazama video ya harusi, kwamba mhalifu anayemtafuta amekuwa akiutumia mwili wake mwenyewe. Mtumishi wa dola ndiye kiti cha kijana aliyeachwa na dola. Wazo hilo ni zito, na linastahili njia fupi zaidi ya kulifikia.

Kwa upande mwingine, urefu umetoa kitu ambacho dakika 16 zisingeweza: wanawake wanaotofautiana. Fanta anamwona Ada mpumbavu kwa kumdharau mume tajiri. Mariama, mcha Mungu, anamhukumu. Dior, mwenye baa, anaishi kwa sheria zake na anampa Ada mahali pa kulala bila kumhubiria. Waliobaki hawakugeuzwa kundi la waombolezaji. Kila mmoja ana sababu zake za kukaa na njia zake za kuishi, na Ada anazipita zote mpaka anafika mwisho wa filamu akiwa si mke wa Omar wala mjane wa Souleiman. Anasimama anatutazama usoni na kujitaja kwa jina lake.

Fupi nyingine, ndefu nyingine

Njia ya Diop si njia pekee. Damien Chazelle alikuwa na muswada kamili wa Whiplash lakini hakuwa na fedha. Akachomoa tukio moja, mwalimu katili wa muziki akimdhalilisha mpiga ngoma mchanga, akalifanya filamu fupi ya dakika 18 iliyoshinda tuzo katika tamasha la Sundance mwaka 2013. Mwaka uliofuata filamu ndefu ilitoka, na Februari 2015 ilichukua Oscar tatu, moja ikiwa ya J.K. Simmons aliyemwigiza mwalimu katika zote mbili. Hapo fupi ilikuwa sampuli, na ilitengenezwa iwe sampuli. Tukio lake limo ndani ya ndefu karibu lilivyo.

La Jetée ya Chris Marker, ya mwaka 1962, ina dakika 28 na karibu yote ni picha mgando: mtu baada ya vita ya tatu ya dunia anarudishwa nyuma kwa kumbukumbu ya sura ya mwanamke aliyoiona utotoni katika uwanja wa ndege wa Orly. Mwaka 1995 Terry Gilliam aliigeuza kuwa 12 Monkeys, akaongeza virusi, hospitali ya vichaa na Bruce Willis. Gilliam na wenzake waliitazama vizuri wakagundua kwamba kuinakili kusingewafaa. Marker alihoji kumbukumbu. Gilliam alihoji kinachompata mtu mwenye ukweli ambao hakuna anayeuamini. Swali limehama, na ndiyo maana kazi zote mbili zinaishi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Johannesburg. Alive in Joburg, fupi ya Neill Blomkamp ya dakika sita hivi, inaonyesha viumbe wa sayari nyingine waliokwama mjini humo wakati wa ubaguzi wa rangi. Nguvu yake ilitoka kwa wakazi wanaohojiwa. Blomkamp aliwauliza watu halisi maoni yao kuhusu wahamiaji wa Kiafrika, kisha akayaweka majibu yao kana kwamba yanawahusu viumbe wale. Chuki unayoisikia ni ya kweli. Mwaka 2009 ikawa District 9, iliyogharimu takriban dola milioni 30, ikaingiza zaidi ya milioni 210 na kuteuliwa kwa Oscar nne, ikiwamo ya filamu bora. Ina mengi ya kusifiwa: jinsi inavyoonyesha bomoabomoa inakumbusha wazi District Six ya Cape Town, ambako serikali ya makaburu iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu 60,000. Lakini nusu yake ya pili inageuka mapambano ya bunduki. Sauti za mtaani zinazimika, kisa anapewa karani mmoja mzungu, na wahamiaji wa Nigeria wanachorwa kama majambazi wanaokula viungo vya miili ya viumbe wale, jambo lililoifanya serikali ya Nigeria ilalamike hadharani. Filamu fupi iliwasuta wanaowachukia wageni. Ndefu yake ikawachora baadhi ya wageni hao kama chuki inavyowachora.

Ukiziweka pamoja, tofauti ya Diop na Blomkamp haitokani na kipaji wala fedha. Wote wawili walikuwa na filamu fupi iliyosimama juu ya sauti za watu halisi. Blomkamp alipopata urefu aliutumia kuongeza matukio. Diop aliutumia kuongeza wasemaji.

Kwa anayetazama na anayetengeneza

Nashauri zitazamwe zote mbili, fupi ikitangulia. Ukianza na ndefu, fupi itaonekana kama maandalizi, na utakuwa umemdhulumu Serigne. Ukianza na fupi, utaingia katika filamu ndefu ukiwa umewahi kumsikia kijana aliyekwenda, na baa ile tupu itakuuma zaidi kwa sababu utajua ni sauti gani iliyokosekana.

Na zinafaa kutazamwa sasa. Njia ya Canary haikufungwa. Mwaka 2024 zaidi ya watu 46,000 walifika visiwani humo kwa mitumbwi, idadi kubwa kuliko ile iliyoishtua dunia mwaka 2006. Kwetu pia wapo waliozamia melini kutoka Dar es Salaam na Mombasa, na wapo wasichana wanaokwenda Ghuba kwa kazi za ndani, ambao kwao mpangilio wa Diop unageuka: aliyekwenda ni mwanamke, na waliobaki wakisubiri simu ni mume, watoto na bibi. Safari hizo nazo zina waliosema na wasioulizwa.

Kwa hiyo neno langu kwa mtengenezaji filamu wa Kiswahili mwenye fupi nzuri mkononi, aliyeambiwa na mfadhili au na tamasha kwamba sasa airefushe, ni hili. Usianze na muda. Usianze na matukio ya kuongeza, wala na mpelelezi, wala na mapigano. Itazame tena filamu yako na umtafute mtu aliyepita kwenye picha bila kupewa neno. Kama hayupo, basi filamu yako imekamilika na haihitaji kuongezwa hata dakika moja. Iache ilivyo, nenda kaandike nyingine. Kama yupo, mfuate, hata ikikugharimu miaka kumi kama ilivyomgharimu Diop, na uwe tayari kukuta kwamba anayoyajua yanapingana na yale uliyokwisha kuyasema.